Gesi ni ile ile, mtungi ndio una uraia

Ukinunua sufuria Namanga upande wa Tanzania ukaivusha upande wa Kenya, itapika kule kama ilivyopika huku. Mtungi wa gesi sivyo. Mtungi wa kilo 15 uliojazwa Arusha utawaka vizuri Kajiado mpaka gesi iishe. Ukiisha, ndipo taabu inapoanza: muuzaji wa Kajiado ataugeuza, ataangalia rangi na nembo ya kampuni, kisha atautikisia kichwa. Mtungi huo si wa kwao. Mwenyewe anabaki na njia mbili, aurudishe alikoutoa au amtafute mtu anayejaza gesi uani kwake. Njia ya pili ni ya karibu na ni ya bei nafuu, na ndiyo iliyokwisha kuua watu.

Kwa wafanyabiashara wanaovuka mipaka ya Afrika Mashariki, gesi ya kupikia inaonekana kuwa mzigo wa kuvutia. Mahitaji yanaongezeka kila mwaka, serikali zote za kanda zinawahimiza wananchi waache mkaa na kuni, na bei za pande mbili za mpaka hazilingani. Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wake wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mwezi huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika, ambako ziliahidiwa dola za Marekani bilioni 2.2. Soko lipo. Anayetaka kuliingia, hata hivyo, anapaswa kujua kwa nini gesi haivuki mpaka kama zinavyovuka nyanya na mitumba.

Inatoka bahari moja

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani. Hupatikana wakati wa kusafisha mafuta ghafi na wakati wa kuchakata gesi asilia. Sifa yake kubwa ni kwamba ikishindiliwa kidogo tu hugeuka kuwa kimiminika, na lita moja ya kimiminika hicho ikiachiwa huwa lita 250 hivi za hewa ya gesi. Ndiyo maana chakula cha mwezi mzima kinaweza kupikwa kwa mtungi mmoja unaobebwa begani.

Karibu gesi yote ya mitungi inayotumika katika kanda hii huletwa kwa meli. Husukumwa kwenye matangi makubwa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, kisha hupakiwa kwenye malori ya tangi na kupelekwa bara. Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo hazina bandari ya bahari ya kushushia gesi hiyo, kwa hiyo hutegemea malori yanayopita Malaba, Busia, Mutukula, Rusumo na Kobero. Bei ya kuanzia nayo ni ya mbali: wauzaji wengi duniani hutazama bei ambayo kampuni ya Saudi Aramco hutangaza kila mwezi kwa propani na butani.

Kwa maneno mengine, gesi iliyo katika mtungi wa Moshi na ile iliyo katika mtungi wa Taveta huenda zilitoka eneo moja la dunia. Tofauti ya bei inayomvutia mchuuzi mpakani haitoki kwenye gesi yenyewe. Inatoka kwenye usafiri, gharama za bandari, faida ya kampuni, na zaidi ya yote kodi.

Kodi hubadilika. Kenya ilianza kutoza VAT ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia Julai 2021. Mwaka mmoja baadaye ikaipunguza hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaiondoa. Ndani ya miaka miwili faida ya kuvusha mtungi kutoka nchi jirani ilipanda, ikashuka, ikatoweka. Aliyekuwa amefungia mtaji wake kwenye mitungi mitupu ya upande mmoja hakuwa na kosa lolote, ila bajeti ya serikali ilisomwa naye akabaki na vyuma.

Fundisho la mwaka 2017

Wafanyabiashara wa Holili, Namanga na Horohoro wanaukumbuka mwaka 2017. Aprili mwaka huo Kenya ilipiga marufuku gesi ya kupikia kuingia kwa barabara kutoka Tanzania, ikitaja ubora na usalama. Kampuni zilizokuwa zikipitisha gesi Tanga na kuipeleka kwa lori hadi Kenya zilijikuta zimefungiwa mlango. Wakati huo huo Tanzania nayo ilikuwa na vikwazo vyake dhidi ya maziwa na sigara kutoka Kenya.

Mgogoro ulimalizwa kwa mazungumzo. Julai 2017 mawaziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Amina Mohamed wa Kenya na Augustine Mahiga wa Tanzania, walitangaza kwamba pande zote zimeondoa vizuizi. Kenya iliruhusu tena gesi na unga wa ngano, Tanzania ikaruhusu maziwa na sigara.

Itifaki ya Umoja wa Forodha ilikuwa imeanza kutumika tangu Januari 2005, na ya Soko la Pamoja tangu Julai 2010. Hata hivyo, tangazo moja la wizara lilitosha kusimamisha bidhaa. Kwa hiyo anayefanya biashara ya gesi ng'ambo ya mpaka hapaswi kuweka mayai yake yote katika kapu moja. Awe na bidhaa nyingine ya kumshikilia siku ambayo lango linafungwa bila taarifa.

Mtungi si mali ya mnunuzi peke yake

Watu wengi huamini kwamba wakishalipia mtungi wameununua kama wanavyonunua ndoo. Katika biashara ya gesi, kampuni yenye nembo ndiyo inayobeba jukumu la mtungi: kuujaza, kuukagua, kuupima nguvu baada ya miaka kadhaa na kuutoa sokoni ukichakaa. Fedha anazotoa mteja mara ya kwanza humpa haki ya kubadilishiwa mtungi mtupu kwa uliojaa katika mtandao wa kampuni hiyo au wa kampuni zilizokubaliana nayo. Mtandao huo huishia pale leseni ya kampuni inapoishia, na leseni hutolewa na nchi moja moja: EWURA kwa Tanzania, EPRA kwa Kenya, RURA kwa Rwanda.

Hata vipimo havifanani. Tanzania imezoea mitungi ya kilo 3, 6, 15 na 38. Kenya imezoea kilo 6, 13 na 50. Mama ntilie wa Sirari aliyezoea mtungi wa 15 hataupata Isebania, ingawa ni hatua chache tu. Regyuleta aliyonunua upande mmoja nayo huenda isikae kwenye valvu ya upande wa pili, na kuilazimisha ni kuvunja sheria ya kwanza ya usalama.

Kenya yenyewe iliwahi kujaribu kuifanya mitungi yote iwe ya soko moja. Kanuni za mwaka 2009 zilitaka mitungi iwe na valvu za aina moja na kampuni zibadilishane mitungi kwa lazima. Mteja alifurahi, kwa sababu mtungi wa kampuni yoyote ulipokelewa popote. Lakini wajazaji wa vichochoroni nao walifurahi: mtungi ukishakuwa wa wote, hakuna anayeuliza umejazwa na nani, na kampuni iliyonunua mitungi mipya iliona mitungi yake ikipotelea kwa wengine. Kanuni za mwaka 2019 ziliondoa ulazima huo. Sasa kampuni hubadilishana kwa makubaliano, na kila moja hujibu kwa nembo yake.

Historia hiyo ina maana kubwa kwa wanaodai kuwe na mtungi mmoja wa Afrika Mashariki. Kulinganisha valvu na uzito ni sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni kumjua wa kushika siku mtungi ulioanzia Mwanza unapopasuka Kampala.

Kwa nini si kama nyanya

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umewasaidia sana wachuuzi. Mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani na kuvuka bila ushuru wa forodha. Lakini utaratibu huo una masharti mawili: bidhaa iwe imezalishwa katika nchi za Jumuiya, na iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Gesi iliyoletwa kwa meli kutoka nje haikuzalishwa hapa. Kuinunua Arusha au Kisumu hakuigeuzi kuwa ya Afrika Mashariki.

Kanuni hiyo hiyo hugusa vifaa. Jiko la gesi lililotengenezwa ng'ambo na kununuliwa Kariakoo au Eastleigh halipati cheti cha asili ya Afrika Mashariki kwa sababu tu lina risiti ya Dar es Salaam au Nairobi. Wachuuzi wengi hukamatiwa hapo, wakidhani ofisa anawaonea, kumbe anauliza lilikotengenezwa na si lilikonunuliwa.

Zaidi ya hayo, gesi ya mitungi ni mzigo wa hatari. Katika mpangilio wa kimataifa wa mizigo hatari iko daraja la 2.1, gesi zinazowaka, na lori linaloibeba hubeba bango jekundu lenye alama ya moto na kwa kawaida namba 1075. Anayeiingiza nchini anahitaji leseni ya mdhibiti wa nishati, gari linalofaa na dereva aliyefunzwa. Mtungi mmoja uliosukumwa chini ya kiti cha basi la abiria hauna hata kimoja kati ya hivyo. Basi likikaa juani saa nne kwenye foleni ya forodha, mgandamizo ndani ya mtungi hupanda, na kama mtungi umelazwa, vali yake ya usalama ikifunguka inaweza kutoa kimiminika badala ya hewa ya gesi. Kimiminika hicho hugeuka kuwa wingu kubwa ndani ya muda mfupi, ndani ya basi lililofungwa madirisha.

Wajazaji wa uani

Usiku wa Februari 1, 2024, lori lililokuwa limebeba gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, katikati ya nyumba za watu. Moto ulisambaa hadi kwenye makazi na ghala la nguo. Watu kadhaa walikufa na mamia wakajeruhiwa. EPRA ilieleza baadaye kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023, sababu mojawapo ikiwa wingi wa watu wanaoishi jirani.

Embakasi ni mbali na mpaka, lakini kilichotokea kule kinaeleweka vizuri mpakani. Mjazaji wa uani huchukua mtungi mkubwa, huupindua na kuhamishia gesi kwenye midogo kwa mpira. Hana mizani ya uhakika, kwa hiyo hujaza kwa kubahatisha. Mtungi halali haujazwi mpaka juu. Huachwa nafasi ya takriban asilimia 15 hadi 20 ili kimiminika kipate pa kutanukia joto likipanda. Uliojazwa pomoni hauna nafasi hiyo. Chuma chake huvumilia asubuhi yenye baridi, kisha hushindwa saa nane mchana.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, na butani ni nzito karibu mara mbili. Gesi inayovuja haipandi juu kama moshi. Hutambaa sakafuni, huingia mtaroni na kusubiri cheche. Yenyewe haina harufu. Harufu kali inayojulikana ni ya kemikali iliyoongezwa makusudi ili mtu ashtuke mapema. Ukiinusa, usiwashe wala kuzima taa. Funga valvu, fungua milango na madirisha, toa watu nje.

Mizani ndiyo hakimu

Mbali na usalama kuna suala la mfuko. Mteja haoni gesi, anaona mtungi, na hapo ndipo anapoibiwa. Kinga yake iko kwenye chuma chenyewe. Shingoni mwa kila mtungi halali kumegongwa uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Chukua mfano wa mtungi ulioandikwa kilo 13.4 ukiwa mtupu. Ukiuzwa kama wa kilo 13, mizani isome kilo 26.4. Ikisoma 24.9, umelipia kilo moja na nusu ya upepo.

Tanzania inawataka wauzaji wa gesi wawe na mizani dukani, na mteja ana haki ya kuomba mtungi upimwe mbele yake. Kwa muuzaji mdogo wa mpakani, mizani ni mtaji. Wateja wa pande mbili hawajuani, hawazungumzi lugha ya sarafu moja, na mara nyingi hawaaminiani. Namba inayosomeka mbele ya wote humaliza ubishi kabla haujaanza, na mteja aliyepimiwa leo hurudi mwezi ujao.

Lakiri nayo iangaliwe. Lakiri iliyolegea, iliyokatwa au isiyo na nembo inayofanana na ya mtungi ni ishara kwamba mkono mwingine umepita hapo. Na kwa wauzaji wa nyanda za juu, kuna malalamiko ambayo si wizi: butani hugoma kuwa hewa baridi ikikaribia nyuzi sifuri, ilhali propani huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wenye butani nyingi hutoa moto dhaifu alfajiri ya baridi hata kama gesi bado ipo. Muuzaji anayelielewa hilo humweleza mteja badala ya kugombana naye.

Gari la gesi, ipi?

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko kwa madereva. Gesi inayoendesha bajaji na teksi za Dar es Salaam ni gesi asilia iliyoshindiliwa, maarufu kama CNG, inayochimbwa Songo Songo na Mnazi Bay kusini mwa Tanzania. Hiyo ni methani. Kwenye gari hukaa katika mtungi mnene unaostahimili mgandamizo wa takriban baa 200. Kenya kuna vituo vinavyouza gesi ya aina ya mitungi kwa magari, ile propani na butani, ambayo mgandamizo wake kwa kawaida hauzidi baa kumi hivi. Nchi kama Uturuki, Italia na Poland zimetumia gesi hiyo kwa magari kwa miaka mingi.

Mifumo hii miwili haibadilishani. Gari lililofungiwa CNG Dar es Salaam haliwezi kujaza kwenye pampu ya gesi ya mitungi Nairobi, na lililofungiwa gesi ya mitungi Nairobi halitapata msaada kwenye kituo cha CNG Ubungo. Dereva wa masafa ya mpakani anayetaka kubadili injini aanze kwa kuuliza vituo viko wapi katika njia yake yote, si mjini kwake tu. Jambo la kumtuliza ni kwamba magari mengi yaliyofungwa mfumo wa gesi hubaki na tangi la petroli, hivyo hayakwami njiani.

Hesabu ya faida ifanywe kwa uangalifu. Lita moja ya gesi ya mitungi ina nguvu pungufu kuliko lita ya petroli, kwa hiyo gari hunywa lita nyingi zaidi, mara nyingi robo zaidi, kwa safari ile ile. Bei ya lita ya gesi ikiwa asilimia 90 ya bei ya petroli, dereva amepata hasara. Ikiwa asilimia 60, amepata nafuu ya kweli, na hapo ndipo aanze kuhesabu itachukua miezi mingapi kurudisha gharama ya fundi. Kuna pia wanaochukua mtungi wa jikoni na kuufunga kwenye buti. Mtungi wa jikoni hutoa hewa kutoka juu na haukutengenezwa kwa mitikisiko wala ajali. Haupaswi kuwa ndani ya gari kama tangi la mafuta kwa hali yoyote.

Nafasi iliyopo

Pamoja na vizuizi vyote, biashara halali ya gesi mpakani ina nafasi kwa mtu mdogo. Ya kwanza ni uwakala: kuwa wakala wa kampuni ya Tanzania upande wa Tanzania na wa kampuni ya Kenya upande wa Kenya, kupitia ndugu au mshirika aliyesajiliwa kule, ili kila mteja apate mtungi wa nchi anakopikia. Mtungi hauvuki, mteja ndiye anayevuka.

Ya pili ni vifaa. Mipira, regyuleta, majiko na vibanio huchakaa na hubadilishwa kila baada ya muda. Sheria ya Jumuiya ya viwango ya mwaka 2006 inazitaka nchi wanachama zitambue alama za ubora zinazotolewa na mashirika ya viwango ya nchi nyingine, kama TBS, KEBS na UNBS. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya na kubeba alama hiyo ina hoja mbele ya ofisa wa mpakani. Mchuuzi abebe risiti, alama iwe inasomeka, na aulize kwanza dawati la habari za biashara pale mpakani kabla ya kununua mzigo.

Ya tatu ni huduma. Fundi anayejua kufunga mpira sawasawa, kupima uvujaji kwa povu la sabuni na kumfundisha mama mwenye nyumba kufunga mtungi kabla ya kulala, anahitajika Rusumo kama anavyohitajika Busia. Ujuzi wake hautozwi ushuru.

Anayebaki na shauku ya kuvusha mitungi yenyewe kwa njia za panya afanye hesabu moja ya mwisho. Ajumlishe faida ya mitungi kumi, atoe mtaji unaotaifishwa siku akikamatwa, kisha aongeze gharama ya mtungi mmoja tu kuvuja ndani ya nyumba anamoihifadhi, wanamolala watoto wake.